Nani Aketi Wapi? Historia Fupi ya Ramani ya Ndani ya Ukumbi wa Michezo



Wengi wetu tunaoishi hapa Washington na vitongoji vyake tumeshaingia katika kumbi kubwa za michezo, ama kutazama mpira wa kikapu, ama kuhudhuria mahafali ya watoto wetu. Tunakata tiketi, tunatafuta namba ya kiti, tunakaa. Ni nadra kujiuliza ni nani aliyeamua mlango uwe pale, ngazi ziwe hapa, na kiti chetu kiwe mbali kiasi kile. Sisi nasi hatukuwa tukijiuliza, mpaka siku tulipokwenda na mzee wetu mmoja.

Tutamwita Mzee tu, kwani mwenyewe hapendi jina lake liandikwe. Aliwahi kupatwa na kiharusi, na tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu. Mpira wa kikapu aliupenda tangu ujana wake Dar es Salaam. Mwaka 2009, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, alipochaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, Mzee alipiga simu nyumba kwa nyumba utadhani kijana ni mjukuu wake wa kumzaa. Basi tukachanga, tukampeleka kutazama mechi katika ukumbi mmoja ambao hatutautaja. Mambo yalikwenda vizuri hadi dakika za mwisho. Timu zikawa zinafukuzana kwa pointi moja moja, na watu wote waliokuwa mbele yetu wakasimama. Nasi, tuseme kweli, tukasimama. Kengele ilipolia tukaketi tukishangilia, na Mzee akatuuliza kwa upole, "Nani kashinda?"

Hatukuwa na la kumjibu zaidi ya matokeo. Njiani gari zima lilikuwa kimya. Makala hii imetokana na swali lile. Tumetaka kujua kumbi hizi zilipangwaje ndani, nani alihesabiwa na nani alisahauliwa, tangu zamani hadi leo.

MDUARA WA NGOMA

Tuanze nyumbani. Ngoma inapopigwa kiwanjani, hakuna msanifu majengo anayeitwa, wala ramani haichorwi. Lakini watu hujipanga. Watoto huketi chini, mbele kabisa. Nyuma yao wazee huletewa viti na mikeka. Nyuma ya wazee husimama watu wazima, na vijana wenye viungo vyepesi hupanda ukuta au mwembe. Kila mmoja anaona, kwa sababu mfupi yuko mbele ya mrefu na aliyeketi yuko mbele ya aliyesimama. Kijana akijipenyeza mbele ya mzee, ataambiwa tu, "Wewe, hujioni kuwa umeziba?" Naye atatoka.

Hilo ndilo tatizo lote la ukumbi wa michezo, na hiyo ndiyo dawa yake ya asili. Shida huanza watu wanapokuwa maelfu, tena chini ya paa. Hapo mtu hamjui aliye mbele yake, na aliye mbele hajui kama nyuma yake kuna mzee.

Warumi walikutana na shida hii mapema. Neno "arena" lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni mchanga, ule uliomwagwa uwanjani kunyonya damu. Colosseum ya Roma, iliyofunguliwa mwaka 80, haikuwa ukumbi wa ndani, lakini mpango wake unaigwa hadi leo: milango 80 kuizunguka, namba zimechongwa juu ya matao, na kila mtu anaingia kwa mlango wake na kupanda ngazi zake bila kugongana na mwingine. Ila mpango huohuo ulimwambia kila mtu cheo chake. Maseneta walikaa mbele, raia wa kawaida juu yao, na wanawake na watumwa wakapelekwa juu kabisa. Tangu mwanzo, basi, ramani ya viti imekuwa pia ramani ya jamii.

KIKAPU KILICHOFUATA ROSHANI

Sasa tuje Marekani. Wengi wanajua kwamba mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Canada, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Desemba 1891. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba chumba ndicho kilichoupa mchezo huo umbo lake.

Naismith alitakiwa kuwatafutia vijana 18 wa chuo cha YMCA mchezo wa ndani wakati wa baridi. Chumba cha mazoezi kilikuwa kidogo, na juu yake kilizungukwa na roshani ya kukimbilia. Akachukua vikapu viwili vya kuvunia mapichi, akavipigilia misumari kwenye roshani, kimoja upande huu na kimoja upande ule. Roshani ilikuwa na kimo cha futi 10, yaani mita 3.05. Ndiyo maana hadi leo, iwe Dar es Salaam, Manila au Chicago, pete ya kikapu iko futi 10 kutoka sakafuni. Kipimo hicho hakikutokana na utafiti wowote.

Hata ubao wa nyuma ya pete umetokana na mpangilio wa chumba. Watazamaji waliosimama roshani, karibu kabisa na kikapu, walizoea kunyoosha mikono na kuusukuma mpira, uingie kwa timu yao au utoke kwa timu ya wapinzani. Miaka michache baadaye ukawekwa ubao wa kuwazuia. Wachezaji nao wakagundua kwamba mpira ukigonga ubao hurudi vizuri, na ufundi mpya ukazaliwa.

Tunajifunza hapa kwamba uamuzi mdogo wa fundi, kama vile kimo cha roshani, unaweza kuishi zaidi ya miaka 130. Mafundi wakipanga vizuri, wajukuu watafaidi. Wakikosea, kosa nalo litarithiwa.

BWAWA LA WEMBLEY

Ndugu zetu wa London wanaijua Wembley, na wengi wao wanaishi jirani na eneo hilo. Pembeni mwa uwanja mkubwa wa soka kuna ukumbi uliofunguliwa Julai 1934 kwa jina la Empire Pool. Ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Dola ya Uingereza ya mwaka ule. Michezo hiyo ilikuwa imepangwa kufanyika Johannesburg, lakini ikahamishiwa London kwa sababu ya wasiwasi juu ya namna wanamichezo weusi na wa Asia wangetendewa Afrika Kusini. Ukumbi ulikuwa bado haujajengwa, na tayari swali la nani aingie na nani asiingie lilikuwa limeshaulizwa.

Aliyeubuni alikuwa mhandisi, Owen Williams. Aliinua matao ya zege yanayovuka zaidi ya mita 70 bila nguzo hata moja katikati. Kwa mtazamaji, nguzo ni adui. Anayekaa nyuma yake amelipa pesa ya kutazama zege. Katikati aliweka bwawa la kuogelea lenye urefu wa futi 200 na upana wa futi 60, na likapangwa ili liweze kufunikwa na kuwa uwanja wa barafu au ulingo wa ndondi. Kwa maneno mengine, ukumbi ulitakiwa kubadili nguo kulingana na shughuli.

Kubadili huko kulikuwa na gharama zake. Michezo ya Olimpiki ilipofika London mwaka 1948, bwawa lilikuwa refu kuliko mita 50 zinazotakiwa, kwani futi 200 ni karibu mita 61. Ikabidi lijengwe jukwaa la kukatisha maji ili kulifupisha. Baada ya michezo hiyo bwawa halikutumika tena kwa kuogelea, likabaki limefunikwa chini ya sakafu. Mwaka 1978 jengo likaitwa Wembley Arena. Lilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2006, ramani yake ya ndani iligeuzwa, na mlango mkuu ukahamishwa kutoka upande wa magharibi kwenda mashariki, kama mtu aliyegeuza nyumba ikatazama barabara mpya. Katika Olimpiki ya 2012 palichezwa mpira wa vinyoya humo, na kati ya waliocheza alikuwemo Edwin Ekiring wa Uganda.

SAYANSI YA KUONA

Kabla hatujarudi Washington, tueleze jambo moja la kiufundi kwa lugha nyepesi.

Ukiketi, macho yako yako chini ya utosi wako kwa takriban sentimita 12. Ili uone uwanja, mstari wa macho yako lazima upite juu ya utosi wa aliye mbele yako. Kwa hiyo kila safu inapandishwa kidogo kuliko ile iliyotangulia. Mhandisi wa Scotland, John Scott Russell, alieleza mwaka 1838 kwamba safu zisipande kwa mteremko ulionyooka kama ubao, bali zifuate mkunjo, kadiri unavyokwenda nyuma ndivyo kipandio kinavyozidi kuwa kirefu. Ndiyo sababu viti vya juu kabisa katika kumbi kubwa vimesimama wima kiasi cha kutia kizunguzungu.

Tena kuna kugombea sakafu. Uwanja wa mpira wa kikapu wa NBA ni futi 94 kwa 50. Ule wa hoki ya barafu ni futi 200 kwa 85, zaidi ya mara tatu na nusu kwa eneo. Kumbi nyingi za Marekani hutumika kwa yote mawili. Ukipanga viti kwa ajili ya hoki, siku ya kikapu watazamaji watakuwa mbali kama waliotazama mechi kutoka ng'ambo ya mto. Dawa yake ni viti vya kusukuma, vinavyotolewa na kurudishwa chini ya majukwaa.

Hesabu zote hizo, lakini, zilikuwa na dhana moja ndani yake: kwamba kila mtazamaji ana miguu ya kumsimamisha. Wote wakiketi, wote wanaona. Wote wakisimama, wote wanaona. Asiyeweza kusimama hakuwemo katika hesabu.

SHERIA INAINGIA UKUMBINI

Haikuwa mara ya kwanza kwa ramani kuwasahau watu, au kuwakumbuka kwa ubaya. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, enzi za ubaguzi, kumbi nyingi ziliwatenga watazamaji weusi, aghalabu wakapelekwa juu kwenye roshani na kuingizwa kwa mlango wao peke yao. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi katika maeneo ya umma, haikusema kwa jumla jumla tu. Ilitaja kumbi za sinema, kumbi za muziki, kumbi za michezo na viwanja. Waliotunga sheria walijua kwamba mahali mtu anapoketi si jambo dogo.

Mwaka 1990 ikaja sheria ya Wamarekani wenye ulemavu. Kanuni zake zilitaka nafasi za viti vya magurudumu zitawanywe ukumbini, na wanaokaa humo wapate mwono unaolingana na wa watu wengine. Lakini unalingana vipi? Wakati watu wameketi, au pia wakati wamesimama? Swali la Mzee wetu likawa swali la mahakama, tena katika jiji letu hilihili.

Wakati huo ulikuwa unajengwa ukumbi mpya katikati ya Washington, karibu na mtaa wa Wachina, kuchukua nafasi ya ule wa Landover, Maryland, uliofunguliwa mwaka 1973. Mwaka 1996 chama cha maveterani waliopooza, Paralyzed Veterans of America, kikafungua kesi dhidi ya wajenzi na wasanifu wake, Ellerbe Becket. Hoja yao ilikuwa rahisi. Katika mchezo, dakika tamu ndizo ambazo watu husimama. Anayenyimwa dakika hizo amenyimwa mchezo wenyewe. Mahakama ilikubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Ilisema si lazima kila nafasi ya kiti cha magurudumu ione juu ya vichwa vya waliosimama, lakini sehemu kubwa ya nafasi hizo lazima zione. Mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 1997, na Desemba ya mwaka huohuo ukumbi ukafunguliwa kwa jina la MCI Center. Tangu mwaka 2017 unaitwa Capital One Arena.

Kiufundi, mambo si magumu. Macho ya mtu mzima aliyeketi yako kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Aliyesimama ana mita 1.7 na zaidi. Basi nafasi ya kiti cha magurudumu inahitaji kuinuliwa nusu mita na ziada juu ya waliotangulia. Fundi anaweza kuiweka mbele ya jukwaa la juu, palipo na mwinuko tayari. Ugumu wake ni kwamba mwinuko ule unakula viti vingine, na kiti ni pesa.

Kanuni mpya za mwaka 2010, zilizoanza kuwabana wajenzi mwezi Machi 2012, ziliyaandika haya waziwazi. Ukumbi mpya wenye viti 20,000, kwa mfano, unatakiwa uwe na nafasi 111 za viti vya magurudumu. Pale ambapo watazamaji wanatarajiwa kusimama, nafasi hizo lazima zione juu ya waliosimama. Na kando ya kila nafasi lazima pawepo kiti cha mwenzake, mke, rafiki au mjukuu, ili mtu asitazame peke yake kama mgeni asiyejulikana.

Historia hii haijaisha. Mwaka 2024 baraza la jiji la Washington liliidhinisha dola milioni 515 kwa ajili ya kuukarabati ukumbi huo. Ramani inachorwa upya, na fedha zile ni pamoja na kodi zetu.

KIGALI NA SISI

Afrika Mashariki nayo imeingia katika habari hii. Nairobi ina ukumbi wa ndani wa Kasarani, katika kituo kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Rwanda ilifungua Kigali Arena Agosti 2019, ukumbi wenye nafasi 10,000, baada ya ujenzi wa miezi michache tu. Mwaka 2021 ligi mpya ya Basketball Africa League ilianza humo na timu 12, na tangu mwaka 2022 jengo linaitwa BK Arena. Tulitazama mechi zile kwenye televisheni, na tukafurahi kusikia Kiswahili kikichanganyika na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza majukwaani. Kumbi zaidi zitajengwa kwetu, inshallah. Ombi letu kwa wanaochora ni kwamba wasingoje kesi. Kubadili mstari kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuvunja zege.

Nasi wenyewe je? Kila mwaka jumuiya yetu hukodi ukumbi wa mazoezi wa shule kwa ajili ya mashindano ya kikapu ya vijana na chakula cha pamoja. Miaka yote tulipanga viti kwa mazoea: wageni rasmi mbele, akina mama karibu na meza ya chakula, vijana popote, na mlango wa nyuma tumeuziba kwa masanduku ya soda. Baada ya swali la Mzee tulikaa kikao, tukachora ramani juu ya kipande cha boksi. Watoto tukawawekea mikeka mbele, kama kwenye ngoma. Masanduku ya soda tukayaondoa mlangoni, maana moto haupigi hodi. Mzee tukamtengea nafasi nzuri ubavuni, katikati ya uwanja, na mbele yake tukaacha wazi, asikae wala asisimame mtu.

Siku ya mashindano tulijisifu. Lakini ilipofika nusu ya mchezo tulimwona mjukuu wake amesimama nyuma yake, mguu huu, mguu ule, kwa sababu hatukumwekea kiti. Tulikuwa tumemtengea Mzee nafasi, tukamtenga na watu. Mama mmoja akanyanyuka bila kusema neno, akaleta viti viwili, kimoja cha mjukuu na kimoja chake mwenyewe, akaketi.

Dakika za mwisho ukumbi wote ulisimama. Kijana mmoja akarusha kutoka mbali, mpira ukagonga ubao, ukazunguka pete, ukaingia. Tuligeuka kumtazama Mzee. Hakuuliza nani kashinda. Alikuwa anamweleza yule mama kwamba kijana alikanyaga mstari, na kwamba mwamuzi hakuona.

Mwaka huu ramani ya boksi tumeichora upya, na viti vya wenzake vimo. Anayetaka kusaidia kupanga ukumbi na afike saa mbili asubuhi, kabla ya chai.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.